Skripti Ikigoma Katikati

Mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliifuta jenasi nzima ya maua ya Usambara bila kung'oa hata mche mmoja. Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau linalojificha kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, lilikuwa na jina hilo tangu 1893. Aliyelieleza kitaalamu ni Mjerumani Hermann Wendland, akampa heshima Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Tanga aliyepeleka mbegu kwao Ujerumani. Miaka mingi baadaye uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba mimea hiyo ni tawi tu ndani ya jenasi kubwa zaidi, Streptocarpus, na majina yakahamishwa. Mwenye kopo la maua dirishani hakuona tofauti. Aliyepata kazi ni mtunza kanzidata ya mimea, maana kila rekodi yenye jina la zamani ilibidi iguswe. Hakuna anayekaa kubadilisha rekodi hizo moja moja kwa mkono, huandikwa skripti.

Kumbukumbu za mimea ya milima ya Usambara ni nyingi na zimetawanyika. Kituo cha utafiti cha Amani kilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1902, na mimea iliyokaushwa na kutunzwa hapo ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Lushoto ipo hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, ambayo wanabotania duniani huitambua kwa herufi TFD. Vielelezo vingine vilipelekwa Berlin, na sehemu kubwa ya mkusanyo wa huko iliteketea kwa mabomu Machi 1943. Mtu akitaka kuzikutanisha orodha za namna hii kwenye kompyuta moja, atakutana na tahajia tofauti, tarehe za kila mtindo, na majina manne ya mmea mmoja.

Kazi hiyo ndiyo nitakayoitumia kuwa mfano. Kanzidata ninayoieleza ni ya kubuni, lakini majina ya mimea ni ya kweli. Makosa nayo ni yale yale yanayomkuta karani wa SACCOS anayeingiza gawio la mwaka, afisa TEHAMA wa halmashauri, na mtunza takwimu wa hospitali.

Tuanze na maana ya muamala. Unapomtumia mtu pesa kwa simu, mambo mawili hufanyika: salio lako linapungua na lake linaongezeka. Likifanyika moja bila jingine, hapo pana wizi au zawadi. Kanzidata huzuia jambo hilo kwa kuyafunga mambo yote mawili katika muamala mmoja. Unaandika BEGIN, unatoa amri zako, kisha COMMIT ili zithibitishwe zote kwa pamoja, au ROLLBACK ili zifutwe zote. Jim Gray, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Turing mwaka 1998, ndiye aliyelijengea wazo hili misingi ambayo mifumo karibu yote ya leo inaitumia.

Kwa hiyo muamala ulioshindikana umefanya kazi yake. Data zako zimebaki kama zilivyokuwa kabla hujagusa kitu. Cha kuogopa ni skripti iliyopita nusu: amri ishirini zilikubaliwa, moja ikakataliwa, kumi zilizofuata zikakubaliwa tena, na mwishoni skrini ikaonyesha utulivu mtupu. Hiyo ndiyo itakayokusumbua miezi sita baadaye, wakati hakuna anayekumbuka ilitokea siku gani.

Ndiyo maana jambo la kwanza skripti inapogoma ni kuzuia mkono. Usibonyeze tena. Karani wa SACCOS anayeirudia skripti ya gawio bila kujua kama awamu ya kwanza ilithibitishwa anaweza kuwalipa wanachama mara mbili, na kumwomba mtu arudishe pesa aliyokwisha kuipokea ni kazi ngumu kuliko programu yoyote. Hesabu kwanza. Jedwali lilikuwa na rekodi ngapi kabla? Lina ngapi sasa? Jina jipya limeonekana mara ngapi? Kama hukuhesabu kabla, tumia nakala rudufu ya jana kulinganisha. Kama nakala rudufu haipo, acha yote, uitengeneze sasa hivi, hata kama data zina kasoro. Kasoro unayoijua ni afadhali kuliko mbili zilizochanganyika.

Baada ya kuhesabu, tafuta kosa la kwanza. Nalisisitiza hili kwa sababu macho ya binadamu huenda chini ya skrini, na chini ya skrini ndiko kuliko na kosa la mwisho. Katika mfumo wa kanzidata wa PostgreSQL, amri moja ikikosea ndani ya muamala, zote zinazofuata hukataliwa kwa ujumbe uleule: "current transaction is aborted, commands ignored until end of transaction block". Nimeona watu wakiutafuta ujumbe huo kwenye intaneti saa nzima. Hauna habari yoyote ndani yake. Unasema tu kwamba kuna jambo lilitokea juu, na sasa mlango umefungwa. Ukituma COMMIT katika hali hiyo, seva hujibu ROLLBACK, tena kwa upole kiasi kwamba mtu mwenye haraka hulisoma kama ushindi.

Dawa ni kuiamuru programu isimame palepale inapokosea na kuandika kila kitu kwenye faili. Kwa PostgreSQL amri ni hii:

psql -v ON_ERROR_STOP=1 -1 -f badili_majina.sql hebaria > matokeo.txt 2>&1

Kipande cha ON_ERROR_STOP kinaisimamisha kazi kwenye kosa la kwanza. Ile -1 inaifunga skripti nzima katika muamala mmoja, ilimradi ndani ya skripti yenyewe usiwe umeweka BEGIN na COMMIT zako, maana zitavuruga mpango huo. Sehemu ya mwisho inapeleka majibu na makosa kwenye matokeo.txt, ukasome kwa nafasi. Ujumbe wa kosa utakupa namba ya mstari. Kumbuka kwamba psql huhesabu mstari pale amri ilipoishia, yaani kwenye nukta-mkato, hivyo kosa lenyewe linaweza kuwa mistari kadhaa juu yake. Bila ON_ERROR_STOP, na bila muamala, psql huendelea tu na amri inayofuata, na hapo ndipo nusu-nusu huzaliwa.

Sasa turudi kwenye maua. Mwaka 2006, katika kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki, spishi kadhaa za Saintpaulia zilikuwa zimeshushwa na kuwa nususpishi za moja tu, ionantha. Zile zilizoitwa grotei, magungensis, confusa na difficilis zikawekwa chini ya jina moja, nususpishi grotei. Ukiongeza mabadiliko ya 2015, zote nne leo ni Streptocarpus ionanthus subsp. grotei. Kijana mwenye bidii ataandika skripti ya mistari minne: kila palipo na jina la zamani, weka jina jipya. Mstari wa kwanza utapita. Wa pili utakataliwa kwa kosa namba 23505, kwa sababu jedwali la majina lina sharti la upekee, na jina hilo lilikwishaingia sekunde chache zilizopita.

Wengi hapa huondoa sharti ili kazi iendelee. Tafadhali usifanye hivyo. Kanzidata imekuuliza swali la maana kabisa: unabadilisha jina, au unaunganisha mimea minne kuwa mmoja? Hizo ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza inahitaji kuandika upya neno moja. Ya pili inahitaji kuchagua rekodi moja ya kubaki, kuhamisha vielelezo vyote vya nyingine tatu viielekee hiyo, kisha kuamua la kufanya na majina yaliyobaki matupu. Sharti likiondolewa utakuwa na rekodi nne za jina lilelile, na kila ripoti ya idadi ya spishi za Usambara itakayotoka baada ya hapo itakuwa na uongo.

Kijana akielewa hilo, ataandika skripti ya pili. Safari hii inaanza kwa kufuta majina matatu ya ziada, halafu inahamisha vielelezo. Itakataliwa tena, kwa 23503: kuna vielelezo bado vinaelekea kwenye majina hayo. Suluhisho la haraka ni kupindua mpangilio, uhamishe kwanza ndipo ufute. Ni sahihi kiufundi, na kwa kazi nyingi linatosha. Kwa mimea halitoshi. Karatasi iliyo kabatini bado imeandikwa Saintpaulia magungensis kwa wino wa aliyeikusanya, na mtafiti atakayeishika atataka kulitafuta jina hilo. Wanabotania hawafuti jina la zamani. Huliweka kuwa kisawe cha jina linalokubalika. Jedwali linahitaji safu moja zaidi inayosema jina hili sasa linaitwaje. Makosa mawili yameleta mpango bora kuliko ule tulioanza nao, na hilo hutokea mara nyingi kuliko waandishi wa programu wanavyokiri.

Kosa la tatu litatoka mahali pasipotarajiwa. Saintpaulia grandifolia ina herufi 23 ukihesabu na nafasi. Jina lake la sasa, Streptocarpus ionanthus subsp. grandifolius, lina 43. Kama aliyetengeneza jedwali aliipa safu ya jina herufi 40 akidhani amekuwa mkarimu, PostgreSQL itakataa kwa 22001. MySQL ya sasa itakataa pia, lakini matoleo ya kabla ya 5.7, au yaliyolegezwa mipangilio, hukata mkia wa jina kimyakimya, yakatoa onyo tu ambalo halisomwi. Mtu akikuambia mfumo wake "haujawahi kuleta makosa", muulize kwanza kama umewekwa kuyaonyesha.

Lebo za zamani zina mtego wao. Zimeandikwa Kijerumani, zenye ü na ö, na faili lililoandaliwa kwenye Windows miaka ya nyuma huzihifadhi herufi hizo kwa mfumo usio UTF-8. Ukilipakia, seva italalamika kwamba imekutana na baiti 0xfc isiyoeleweka. Hiyo ni ü tu. Usiifute herufi hiyo. Iambie programu faili limetoka wapi, kwa SET client_encoding TO 'WIN1252', nayo itajitafsiria. Na kabla hujaunganisha majina ya mahali, kumbuka kwamba Wilhelmstal kwenye lebo ya mwaka 1905 ni Lushoto.

Tarehe zinatisha zaidi. Tuseme kielelezo kimeandikwa 23/4/1902, na seva imewekwa kusoma kwa desturi ya Kimarekani, mwezi kwanza. Itakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 23. Mtu atairekebisha rekodi hiyo moja, skripti itapita, atafurahi. Lakini rekodi ya juu yake iliyoandikwa 3/4/1902 haikukataliwa. Iliingia kama tarehe 4 Machi, ilhali mkusanyaji alimaanisha 3 Aprili. Kila siku ya mwezi kuanzia 1 hadi 12 imepindishwa bila sauti, isipokuwa pale siku na mwezi vinapolingana. Kosa moja lililoonekana ni mjumbe wa mengine yasiyoonekana, na dawa yake ni kuandika tarehe zote kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku kabla ya kupakia, yaani 1902-04-23, kisha kuanza upya tangu rekodi ya kwanza.

Ukizoea namba za makosa utaokoa muda mwingi. Katika PostgreSQL herufi mbili za mwanzo zinatosha kukuonyesha upande wa kuangalia. 22 ni umbo la data, kama urefu na tarehe. 23 ni masharti ya jedwali. 42 ni amri yenyewe: umekosea kuandika, jedwali halipo, au huna ruhusa. 53 ni seva kuishiwa, kwa mfano diski kujaa. 40 ni mgongano na mtu mwingine, na kati ya makundi haya, hilo ndilo ambalo kwa kawaida kurudia skripti ileile bila kubadilisha kitu kuna maana. Kosa la 23 ukilirudia mara mia litakukatalia mara mia.

Tahadhari kwa wanaohama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine: namba hazifanani. Kosa 1205 katika SQL Server ni mkwamo, yaani miamala miwili imezuiana na mmoja umeuawa. Kosa 1205 katika MySQL ni kusubiri kufuli hadi muda ukaisha. Mkwamo wake ni 1213. Na tofauti hiyo ni kubwa kivitendo. Kwenye 1213, MySQL hufuta muamala mzima. Kwenye 1205 yake, kwa mipangilio ya kawaida, hufuta amri ya mwisho tu na kuuacha muamala wazi, ukiwa na kila ulichofanya kabla. Programu isiyojua hilo huendelea na kuthibitisha nusu.

SQL Server nayo ina tabia inayowashangaza wengi. Amri ikivunja sharti ndani ya muamala, mara nyingi amri hiyo pekee ndiyo hufutwa, na zinazofuata huendelea hadi COMMIT. Weka SET XACT_ABORT ON juu kabisa ya skripti, kila mara, bila mjadala. Kumbuka pia kwamba neno GO hukata skripti vipande, na kipande kimoja kikifa vingine huendelea. Unapotumia sqlcmd, ongeza -b ili isimame. Kwa Oracle na MySQL, jambo la kukumbuka ni kwamba amri ya kubadilisha muundo wa jedwali, kama ALTER TABLE, huthibitisha papo hapo yote yaliyotangulia. Ukiiweka katikati ya muamala umeukata muamala wako mwenyewe. Tenganisha: skripti ya kurefusha safu iwe yake, na ya kubadilisha majina iwe yake. PostgreSQL inakuruhusu kuyafunga yote pamoja, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuipendelea.

Wakati mwingine skripti haikatai. Inaganda. Hakuna ujumbe, hakuna hitimisho, mshale unapepesa tu. Mara nyingi kuna mwenzako wa chumba cha pili aliyefungua rekodi moja ya grotei, akarekebisha tahajia, hakuthibitisha, akatoka kwenda kula. Rekodi ile ina kufuli lake, na skripti yako inasubiri. MySQL itachoka baada ya sekunde 50. PostgreSQL, usipoiwekea kikomo, itasubiri hadi mwenzako arudi. Ukiuliza mwoneko (view) wa mfumo uitwao pg_stat_activity na kuchagua wenye hali ya "idle in transaction", utamwona na saa aliyoanza. Kabla ya kumkatia muunganisho, nenda ukamgongee mlango. Huenda ana kazi ya asubuhi nzima ambayo hajaithibitisha, na itapotea yote.

Umeme ni sura ya peke yake kwa wanaofanya kazi milimani. Habari njema ni kwamba mifumo hii ilitengenezwa ikijua umeme hukatika. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye daftari la seva, ndipo liingizwe kwenye majedwali. Seva ikiwaka tena husoma daftari hilo: kilichothibitishwa hurudi, kisichothibitishwa hutoweka. Kwa hiyo subiri imalize, wala usiingie kwenye folda zake kusafisha. PostgreSQL ililiita daftari hilo pg_xlog kwa miaka mingi. Watu walipobanwa na nafasi ya diski wakadhani ni kumbukumbu za kawaida za kutupwa, wakafuta, na kanzidata ikafa. Kuanzia toleo la 10, la mwaka 2017, folda hiyo inaitwa pg_wal. Kama bado unatumia MySQL yenye majedwali ya zamani ya MyISAM, hayo yote hayakuhusu: MyISAM haijui miamala, na umeme ukikatika katikati ya kazi unabaki na nusu. Yahamishie InnoDB kabla ya masika.

Kuna hali moja ngumu. Kompyuta mpakato yako ina betri, lakini ruta imezimika sekunde uliyotuma COMMIT. Umepata ujumbe kwamba muunganisho umepotea. Je, ilithibitishwa? Huwezi kujua kwa kuutazama ujumbe. Inawezekana seva ilithibitisha na jibu ndilo lililopotea njiani. Njia ya uhakika, kwa PostgreSQL, ni kujiandaa: mwanzoni mwa muamala uliza txid_current() na uandike namba utakayopewa. Mtandao ukirudi, uliza txid_status() kwa namba hiyo, nawe utaambiwa kama ilithibitishwa au ilifutwa. Usipoandika namba, unarudi kuhesabu rekodi.

Kwa sababu ya umeme huo huo, watu huniuliza kama ni bora kuifunga kazi nzima katika muamala mmoja au kuikata vipande. Jibu langu ni kukata kwa kufuata maana ya kazi, si wingi wa mistari. Katika mfano wetu, kuunganisha mmea mmoja ni jambo kamili: jina jipya linaingia, vielelezo vinahama, majina ya zamani yanakuwa visawe. Hilo liwe muamala mmoja. Baada yake andika kwenye jedwali dogo la maendeleo, ndani ya muamala huohuo, kwamba grotei imekamilika. Umeme ukikatika ukiwa kwenye shumensis, ile spishi iliyopewa jina la eneo la Shume, utaanzia hapo, na grotei haitaguswa tena. Anayekata kila mistari elfu moja hatajua nini kimekamilika na nini kimebaki.

Fanya mazoezi kabla ya siku yenyewe. Chukua nakala rudufu, irejeshe kwenye kanzidata nyingine, endesha skripti hapo, na mwishoni weka ROLLBACK badala ya COMMIT. Utaona idadi ya rekodi zilizoguswa na kila amri. Kama ulitarajia 60 na imesema 6,000, kuna WHERE uliyoisahau. Na utakapofanya kazi halisi baada ya majaribio yaliyofutwa kwenye kanzidata ileile, usishangae namba za rekodi mpya zikiruka, kwa mfano kutoka 812 hadi 830. Kihesabu cha namba hakirudi nyuma muamala unapofutwa. Hakuna rekodi iliyopotea, ingawa wakaguzi wa hesabu huwa hawaamini hadi waelezwe mara mbili.

Zipo njia mbili za mkato nisizompendekezea mtu. Ya kwanza ni --force ya MySQL, inayoruka makosa na kusonga mbele. Inageuza skripti yoyote kuwa ya nusu-nusu kwa makusudi. Ya pili ni kuzima ukaguzi wa uhusiano kwa SET FOREIGN_KEY_CHECKS=0. Ukiuwasha tena baadaye, MySQL hairudi kukagua yaliyoingia wakati umezimwa. Vielelezo visivyo na mmea vitakaa humo milele vikionekana halali. Urejeshaji wa nakala rudufu nzima ndio mahali pekee ninapoona njia hiyo inakubalika, kwa kuwa data hizo zilikwisha kukaguliwa zilikotoka.

Ukishindwa kabisa, omba msaada, ila uombe vizuri. Mtumie mwenzako jina na toleo la mfumo, ujumbe wa kosa la kwanza ukiwa umenakiliwa mzima kama maandishi, amri iliyokosea, muundo wa majedwali yanayohusika, na idadi ya rekodi kabla na baada. Picha ya skrini iliyokatwa upande, yenye kosa la mwisho, haimsaidii mtu. Halafu soma ulichoandika kabla ya kutuma. Ujumbe wa PostgreSQL huwa na mstari wa DETAIL unaotaja rekodi iliyokataliwa pamoja na yaliyomo. Kwenye kanzidata ya maua hakuna neno. Kwenye ya hospitali au SACCOS, humo mna jina, namba ya simu, pengine na ugonjwa wa mtu. Futa hayo kabla hujaubandika kwenye kundi la WhatsApp, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe unayebonyeza kitufe cha kutuma.